Kuingiza wanafunzi wengi kwa mkupuo kwenye Moodle: jina la mtumiaji liwe nini, na wasio na barua pepe wafanyweje?

MratibuTEHAMA_Moro aliuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Nimekabidhiwa Moodle, yaani mfumo wa kufundishia mtandaoni, ya chuo cha kati kinachofundisha masomo ya afya hapa Morogoro, na mwaka mpya wa masomo unakaribia kuanza. Ofisi ya usajili imenipa orodha ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, zaidi ya mia sita, ikiwa katika jedwali la Excel ambalo kwa kulitazama tu unajua limekusanywa kutoka kila upande. Majina matatu yamo katika kisanduku kimoja, yote kwa herufi kubwa. Kuna namba ya mtihani wa kidato cha nne kwa muundo wa S0101/0001/2020, namba ya simu, na anwani ya barua pepe kwa baadhi yao. Nikikadiria, theluthi moja hawana barua pepe kabisa, na wapo wanaotoka nyumba moja ambao wameandika anwani ileile.

Aliyekuwapo kabla yangu alikuwa akiwaandikisha mmoja mmoja kwa mkono, kazi ambayo ilimchukua hadi katikati ya muhula. Najua kwamba Moodle inapokea faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, na nimeshaona kuwa safu zisizokwepeka ni nne, yaani username, firstname, lastname na email. Ninachoomba ni uzoefu wa waliokwisha kuifanya kazi hii katika mazingira kama yetu. Je, namba ya kidato cha nne inafaa kuwa jina la mtumiaji? Wasio na barua pepe niwawekee nini, ilhali mfumo unaidai? Manenosiri yawafikieje? Na je, kuna namna ya kuwaingiza katika masomo yao tisa bila kufungua kozi moja baada ya nyingine?

Natanguliza shukrani.

Fundi_Jedwali alijibu:

Ndugu Mratibu, nianze na jina la mtumiaji, kwa sababu hilo ndilo Moodle inalotumia kumtambua mtu kila utakapopakia faili jingine baadaye. Mengine yote, kuanzia jina la ukoo hadi namba ya simu, unaweza kuyarekebisha kwa faili la pili; jina la mtumiaji likikaa vibaya, faili la pili halitamtambua mwenyewe, na badala ya kumrekebisha litamfungulia akaunti mpya.

Namba ya kidato cha nne ina sifa moja nzuri, nayo ni kwamba mwanafunzi anakuja nayo siku ya kwanza na anaikumbuka. Hata hivyo ina kasoro mbili. Kwanza, ni namba ya taasisi nyingine, na aliyefanya mtihani mara mbili ana namba mbili, mojawapo huenda ikaanza na P kama alirudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ofisi ya usajili ikiandika moja leo na nyingine mwakani, utakuwa na watu wawili katika mfumo ambao kwa kweli ni mtu mmoja. Pili, matokeo hubandikwa hadharani kwa namba hizo, kwa hiyo si siri ya mtu, jambo ambalo lina uzito ukifika kwenye nenosiri. Iwapo chuo chenu hutoa namba ya usajili ya kwenu wenyewe kabla masomo hayajaanza, ushauri wangu ni kusubiri siku hizo chache na kutumia namba hiyo.

Vyovyote utakavyochagua, usiipakie ikiwa na mkwaju (/). Jina la mtumiaji katika Moodle, kwa mpangilio wa kawaida, linaruhusu herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, kistari cha chini na alama ya @ peke yake. Katika ukurasa wa kupakia kuna chaguo la kusanifisha majina ya watumiaji, na likiwashwa mfumo utaigeuza S0101/0001/2020 kuwa s010100012020 bila kukuuliza. Kwa namba za kidato cha nne hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa kila kipande kina idadi maalumu ya tarakimu. Namba za usajili za vyuo vingi haziko hivyo. Chukua mwanafunzi mwenye DIP/1/112 na mwenzake mwenye DIP/11/12: mikwaju ikiondolewa wote wawili wanakuwa dip1112, na kama umechagua kuongeza wapya na kuruka waliokwishakuwapo, yule wa pili ataachwa nje huku wewe ukidhani orodha imekamilika. Afadhali ugeuze mwenyewe ndani ya jedwali kwa fomula ya =LOWER(SUBSTITUTE(A2,"/","-")), upate s0101-0001-2020, kitu ambacho hata mwanafunzi akikisoma anakitambua. Namba halisi yenye mikwaju yake iweke katika safu ya idnumber, ambayo haina masharti hayo, ili ofisi ya mitihani itakapohamisha alama ikute namba inayoijua.

Sasa majina. Moodle ina nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo, na ipo pia safu ya middlename kwa la kati, ingawa jina hilo halitaonekana kwenye orodha mpaka ubadilishe namna majina kamili yanavyoonyeshwa. Kabla ya kuyagawa, pitisha TRIM ili kuondoa nafasi zilizozidi, lakini fahamu kuwa orodha iliyonakiliwa kutoka Word au PDF huja na nafasi ya aina nyingine, ile isiyokatika mwishoni mwa mstari, ambayo TRIM haiigusi; hiyo iondoe kwa =SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," ") kwanza. Kisha, kwa kuwa majina yenu ni ya herufi kubwa, bila shaka utaifikiria PROPER, fomula inayoacha herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno tu. Itumie, halafu utafute kila jina lenye ritifaa, maana PROPER hukuza herufi yoyote inayofuata alama isiyo herufi, na NG'WANDU atatoka akiwa Ng'Wandu. Katika chuo chenye wanafunzi wengi kutoka Shinyanga na Mwanza hilo si jambo la mtu mmoja wawili, na hakuna anayependa kuona jina la babu yake limeandikwa hivyo kwenye ukurasa wa masomo.

Ritifaa hiyohiyo ina mtego mwingine. Word huibadilisha kuwa ile iliyopinda, na ukihifadhi faili kama CSV ya kawaida katika Windows, alama hiyo iliyopinda haihifadhiwi kwa UTF-8, usimbaji wa herufi ambao Moodle inautarajia, hivyo Moodle itakuonyesha kiboksi au alama ya ajabu katikati ya jina. Hifadhi kwa kuchagua CSV UTF-8, au tumia LibreOffice ambayo hukuuliza wazi usimbaji unaoutaka pamoja na alama ya kutenganisha safu. Ukipakia ukaona kila mstari umekuwa safu moja ndefu, kompyuta yako imetenganisha kwa nuktamkato badala ya mkato. Ukurasa wa kupakia unakuruhusu kuchagua ipi kati ya hizo imetumika, kwa hiyo huna haja ya kuanza upya.

La mwisho kwangu linahusu tarakimu. Safu za simu na namba za utambulisho zipange kuwa za maandishi kabla hujabandika chochote ndani yake. Excel ikiachwa ijiamulie, 0754 inakuwa 754, alama ya kujumlisha iliyo mwanzoni mwa +255 inapotea, na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) yenye tarakimu 20 inaharibika kabisa, kwa sababu Excel hushika tarakimu 15 tu na zilizobaki huzigeuza sifuri. (Kwa kweli namba ya NIDA sioni ina kazi gani ndani ya Moodle, lakini nimeona watu wakiipakia.) Tunza jedwali mama kama faili la Excel, toa CSV ikiwa hatua ya mwisho kabisa, na ukitaka kuikagua hiyo CSV ifungue kwa Notepad. Ukiibofya mara mbili Excel itaifungua, na ukiihifadhi tena uharibifu wote utarudi.

Bi_Taaluma alijibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu jina la mtumiaji, nami niongeze upande wa barua pepe na manenosiri, kwa sababu hapo ndipo vyuo vingi hujitafutia matatizo ya muhula mzima.

Kwa wasio na barua pepe, wengi hutunga anwani kwa kikoa cha chuo, kwa mfano jina la mwanafunzi likifuatiwa na kikoa chenu, ilhali sanduku hilo halipo. Kila tangazo la mwalimu litakalotumwa kwa anwani hizo litarudi, na baada ya muda watoa huduma za barua pepe watakihesabu kikoa chenu kuwa chanzo cha barua taka, kisha hata barua halali za mkuu wa chuo zitaishia huko. Wengine hutunga anwani za Gmail, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa anwani uliyoibuni huenda ni ya mtu halisi asiyehusika, na barua ya kubadili nenosiri la mwanafunzi wako itamwendea yeye.

Njia safi ni kutumia kikoa kinachoishia na .invalid, ambacho kimetengwa rasmi katika kanuni za intaneti kisiweze kumilikiwa na mtu yeyote. Moodle yenyewe inakitambua: anwani ikiishia hivyo mfumo haujaribu hata kutuma. Kwa hiyo mwanafunzi wa mfano wetu atapewa s0101-0001-2020@wanafunzi.invalid, na kwa kuwa imejengwa juu ya jina lake la mtumiaji, haitagongana na ya mwenzake. Baadaye akipata anwani ya kweli ataibadilisha mwenyewe au utaibadilisha kwa faili. Hao ndugu wenye anwani moja nao wape hivyo, mmoja abaki na anwani ya kweli na mwingine apewe ya .invalid, kwa sababu kwa kawaida Moodle inakataa akaunti mbili zenye barua pepe moja. Ipo namna ya kuiruhusu katika mipangilio ya mfumo, lakini simshauri mtu, maana siku mmoja wao atakaposahau nenosiri na kuliomba kwa barua pepe, mfumo hautajua anayeomba ni nani.

Kuhusu manenosiri, ukurasa wa kupakia unakupa njia mbili: liwemo katika faili, au mfumo ulitengeneze na kumtumia mhusika kwa barua pepe. Njia ya pili haiwafai wanafunzi wako wasio na barua pepe, na hata kwa walio nayo ina masharti. Barua hizo haziondoki papo hapo, zinangoja cron, ile programu inayoamsha kazi za mfumo kila dakika, na kama cron ya seva yenu imelala, utangoja hadi uchoke. Aidha, kama Moodle yenu inatuma barua kupitia akaunti ya kawaida ya Gmail, kumbuka akaunti hiyo ina ukomo wa takriban barua 500 kwa siku, nawe una wanafunzi zaidi ya mia sita.

Kwa hiyo yaweke katika faili. Najua utashawishika kuwapa wote nenosiri moja na kuwalazimisha kulibadilisha watakapoingia mara ya kwanza. Tafadhali usifanye hivyo. Namba zao zimefuatana, kila mmoja anaweza kukisia ya jirani yake, na nenosiri analijua kila mtu. Anayewahi kuingia kwa jina la mwenzake ndiye atakayelibadilisha, na mwenye akaunti atakuja ofisini kwako akisema mfumo unamkataa. Kulazimisha mabadiliko hakumlindi, kwani aliyelazimishwa ni yule aliyewahi.

Mpe kila mmoja la kwake. Kwa mpangilio wa kawaida Moodle hutaka herufi zisizopungua nane, ndani yake kuwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Mimi huandaa orodha ya maneno mafupi ya Kiswahili katika ukurasa wa pembeni, kisha fomula inachagua neno kwa bahati nasibu na kuliunganisha na kistari na tarakimu nne, tukapata Mbuyu-4837 au Kisima-2956. Yanatimiza masharti yote, yanasomeka hata yakichapwa kwa wino hafifu, na hakuna anayebaki akijiuliza kama ile ni sifuri au ni herufi O. Angalizo ni moja tu. RANDBETWEEN, fomula inayotoa namba hizo za bahati nasibu, hujikokotoa upya kila unapogusa jedwali. Ukishaipata safu ya manenosiri, inakili yote na uibandike kama thamani tupu kabla ya kufanya lolote jingine; la sivyo, manenosiri yatakayochapwa kwenye karatasi za wanafunzi hayatafanana na yaliyomo katika faili ulilopakia, na mia sita wote watakuwa mlangoni kwako asubuhi moja.

Karatasi hizo ziunganishe kwa Word kutoka jedwali lilelile, vipande kumi kwa ukurasa, kila kipande na jina, jina la mtumiaji na nenosiri. Zikatwe na zigawiwe wakati wa kusaini fomu za usajili, mwanafunzi akiwa na kitambulisho mkononi. Kuwapa CR (wawakilishi wa darasa) wakagawe darasani ni rahisi, lakini vipande vya wasiofika siku hiyo huishia juu ya meza. Na faili lenyewe lisipite katika kundi la WhatsApp la walimu, kwa sababu lina majina, simu na manenosiri ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika nchini, chuo kinawajibika kwa taarifa za namna hiyo.

MratibuTEHAMA_Moro aliandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Ofisi ya usajili imekubali kutoa namba za usajili mapema, kwa hiyo jina la mtumiaji litakuwa hilo, mikwaju ikigeuzwa vistari.

Yamebaki mawili. La kwanza, wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu tayari wana akaunti, lakini majina yao ya mtumiaji ni majina yao ya kwanza yakifuatiwa na tarakimu, kama vile neema3 na neema4. Je, ninaweza kuwahamishia kwenye namba za usajili bila kupoteza alama na kazi walizokwisha wasilisha? La pili ni lile la masomo tisa, ambalo halijaguswa.

Seva_Pwani alijibu:

Salamu kutoka Mombasa. Hayo mawili nimeyafanya katika chuo ambacho kina takriban watumiaji elfu nne, hivyo niruhusuni nichangie.

Kuwabadilishia jina la mtumiaji kunawezekana, na hawatapoteza kitu, kwa kuwa alama na kazi zao zimefungwa kwenye namba ya ndani ya akaunti ambayo haibadiliki jina linapobadilika. Andaa faili lenye safu ya oldusername, ambamo utaandika neema3, na safu ya username, ambamo utaandika namba mpya. Wakati wa kupakia chagua aina ya kusasisha waliopo tu, kisha ruhusu kubadili majina, kwa sababu chaguo hilo huwa limezimwa. Safu za jina la kwanza na la ukoo zijazwe kama zilivyo katika orodha ya chuo ikiwa tu unataka zibadilike pia. Kipo kisanduku kinachouliza kama taarifa za waliopo ziachwe, zijazwe pale penye upungufu, au zifutwe na kuwekwa za kwenye faili, na hicho kisome kwa makini kabla ya kubonyeza. Kazi kubwa itakuwa kumjua neema3 ni Neema yupi. Hakuna fomula itakayokufanyia hilo. Pakua orodha ya watumiaji uliyonayo pamoja na barua pepe zao, uioanishe na orodha ya usajili kwa barua pepe kwanza, kisha wanaobaki uwapitie kwa jicho ukiwa na mtu wa ofisi ya usajili pembeni yako.

Kuhusu masomo, kuna njia mbili, na watu hubishana ipi ni bora. Ya kwanza ni kuongeza safu za course1, course2 na kuendelea hadi course9, kila moja ikiwa na jina fupi la kozi kama lilivyoandikwa katika Moodle, bila kukosea hata nafasi. Ya pili, ambayo ndiyo naipendelea, ni kohoti, yaani kundi la wanafunzi wanaosonga pamoja kutoka muhula hadi muhula. Unaongeza safu moja tu ya cohort1 yenye alama ya kundi, tuseme UUGUZI-2025, kisha ndani ya kila kozi unawasha uandikishaji unaofuata kohoti. Kuanzia hapo yeyote anayeingia katika kundi anaingia katika kozi zote tisa, na akihama kundi anaondolewa katika kozi hizo au anasimamishwa, kutegemea ulivyopanga. Ni kweli itakubidi kufungua kozi tisa, lakini utazifungua mara moja kwa kundi zima, na mwanafunzi akichelewa kufika hadi Novemba unaongeza jina lake mahali pamoja.

Kohoti ina mitego miwili ambayo maelezo mengi hayaitaji. Kwanza, usiipe alama ya tarakimu tupu. Ukiandika 2025 katika safu ya cohort1, Moodle haitafuta kundi lenye alama hiyo. Itadhani umetaja namba ya ndani ya kundi katika hifadhidata, na utapata ama ujumbe wa kosa ama wanafunzi waliotumbukizwa katika kundi la watu wengine. Pili, alama ikiwa ya herufi na kundi hilo halipo, na wewe una mamlaka ya kusimamia kohoti, mfumo utaliunda papo hapo. Hilo linasaidia mara ya kwanza, lakini mtu akiandika UUGUZI-2025 kwenye mistari mingi na UGUZI-2025 kwenye mistari mitatu, unapata kundi jipya la watu watatu wasio na somo hata moja, na hakuna onyo lolote. Unda makundi yote kwa mkono kwanza, pakia faili, kisha rudi kwenye orodha ya kohoti uangalie kama limezuka usilolijua.

Jambo jingine linahusu ukubwa. Faili la mia sita ni dogo kwa kilobaiti, ila kila mstari una kazi nyingi nyuma yake, na katika seva nyonge kivinjari huweza kukata tamaa kabla ya mfumo kumaliza. Likitokea usiogope na usifute chochote. Pakia faili lilelile tena kwa chaguo la kuongeza wapya tu, na waliokwisha kuingia watarukwa. Kama una ruhusa ya kuingia kwenye seva yenyewe, matoleo ya miaka ya karibuni yana programu ya kupakia kwa mstari wa amri, iliyo katika folda ya admin/tool/uploaduser/cli, na ukiiendesha kwa --help itakuonyesha machaguo yote yaliyomo kwenye ukurasa wa kawaida. Hiyo haijali kivinjari wala mtandao wa ofisini.

Fundi_Jedwali alijibu:

Seva_Pwani, hoja yako ya kohoti naikubali kwa wanaoanza. Ila kwa vyuo vya afya kuna kundi ambalo kohoti haiwezi kulibeba, nao ni wanaorudia somo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayerudia Anatomia ya mwaka wa kwanza si wa kohoti ya mwaka wa kwanza. Ukimtia humo atapewa masomo tisa ilhali anahitaji moja tu, na walimu wanane watamwona kama mtoro. Hao ndio waandaliwe faili dogo la peke yao lenye username na course1, na kama kuna mikondo, group1 ya mkondo atakaosoma nao. Likipakiwa kwa kusasisha waliopo tu, linamwandikisha katika somo hilo moja bila kugusa kitu kingine.

Naomba pia Mratibu asiende moja kwa moja na mistari mia sita. Tengeneza faili la majaribio lenye watu wachache, lakini uwachague walio wagumu: mwenye ritifaa katika jina, mwenye majina manne, asiye na barua pepe, na mmoja ambaye tayari ana akaunti. Ukurasa wa mapitio huonyesha mistari kumi tu usipoongeza idadi, na hali inayosomeka pembeni ya kila mstari ni ya hiyo inayoonekana, kwa hiyo kasoro iliyo kwenye mstari wa mia tatu hutaiona pale.

Bi_Taaluma alijibu:

Hapo kwa wanaorudia mko sahihi wote, njia mbili zinaweza kutumika pamoja.

Niongeze lile la usasishaji: katika faili la Seva_Pwani la kubadili majina, usiweke kabisa safu ya password. Kuna chaguo tofauti linaloamua kama manenosiri ya waliopo yaguswe, na likiwa limewashwa huku safu ipo, wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu watabadilishiwa jina na nenosiri kwa siku moja. Wakikuta jina jipya lakini nenosiri ni lao la zamani, tangazo moja ubaoni linatosha.

MratibuTEHAMA_Moro aliandika:

Nimeelewa. Nimeanza na faili la majaribio kama alivyoelekeza Fundi, na Ng'wandu wetu ameingia akiwa na jina lake sahihi. Mwenye majina manne nimempa mawili ya katikati pamoja kwenye middlename.

Swali dogo la mwisho: wapo waliohitimu mwaka jana ambao akaunti zao bado ziko hai. Nimeona ipo safu ya deleted. Je, niwaondoe kwa faili hilohilo?

Seva_Pwani alijibu:

Usitumie deleted. Akaunti ikifutwa, uandikishaji wake katika kozi unaondolewa na alama zake zinatoka kwenye daftari la alama, na ofisi ya mitihani ikiulizwa kuhusu matokeo ya mhitimu huyo hutakuwa na cha kuwaonyesha pale. Tumia safu ya suspended yenye thamani 1, katika faili lenye username na safu hiyo pekee, kwa chaguo la kusasisha waliopo na taarifa zao zibadilishwe kwa za kwenye faili. Mhitimu hataweza kuingia, lakini kumbukumbu zake zitabaki. Faili hilo lipakie kabla hujabadilisha majina ya mtumiaji ya mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu baadhi ya akina neema hao huenda ni wahitimu, na ukiwasimamisha kwanza orodha utakayokaa kuipitia kwa jicho itapungua.

Mwenye kurudi kusoma stashahada baada ya astashahada, mwandikie 0 katika safu hiyohiyo na akaunti yake itafunguka tena, kisha mpe namba yake mpya kwa oldusername kama wengine.